Kamba Hukatika Pembamba

Vijana sita waliazimia kuendesha baiskeli kutoka Area 18, Lilongwe, hadi Songwe, mpakani na Tanzania. Wanne walikuwa Wamalawi wa Area 18. Wawili walikuwa wakimbizi wa Dzaleka, kambi iliyo wilaya ya Dowa, na mmoja wao alikuwa fundi baiskeli ambaye wote walimwita achimwene, yaani kaka kwa Kichewa.

Mwenyekiti wao aliishi kwa kabaza, teksi ya baiskeli, akibeba abiria na magunia ya mahindi kutwa. Mpango ulipigiwa hesabu juu ya miguu yake. Barabara ya M1 hadi Songwe inapita kilomita 600. Akagawa kwa siku tano, zikatoka kama 120 kwa siku. "Hizo namaliza kabla ya alasiri," alisema. Mwezi aliuchagua vyema: Juni mvua zimekwisha, na mwera huvuma kutoka kusini, ukimsukuma mgongoni anayekwenda kaskazini, upande wa Karonga. Fulana za rangi moja zikashonwa.

Mzee mmoja wa Dzaleka aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Wanangu, kilomita mmezihesabu. Watu je?"

"Mzee, watu ni sita."

Sicho alichouliza. Dzaleka, iliyokuwa gereza, ilifanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, ilikataa kufungwa na vifungu kadhaa, kimojawapo cha uhuru wa kwenda popote nchini. Mkimbizi hutakiwa kukaa kambini, na akitoka awe na kibali. Mwaka 2023 serikali ilipowaamuru wakimbizi wa mijini warudi Dzaleka, maduka yao Lilongwe yalifungwa. Kila mmoja wa wale sita aliyajua hayo. Hata hivyo vibali viliachiwa wiki ya mwisho, na wiki ya mwisho ikaishia kwa fundi cherehani.

Alfajiri ya safari waliungana njia panda ya Dowa. Kwenye kizuizi cha kwanza cha polisi wakaombwa vitambulisho. Wanne wakaruhusiwa, wawili wakarudishwa kambini. Achimwene akageuza baiskeli na mfuko wake begani, na ndani ya mfuko huo mlikuwa na spana, pampu, solusheni, viraka na spoku za akiba za msafara mzima. Hakuna aliyeukumbuka. Mwenyekiti alikuwa akitazama saa.

Mdogo wao alipanda baiskeli ya kuazima, kiti kimeshuka mno, magoti yakikaribia usukani kila alipokanyaga pedali. Wenzake walitangulia, wakamngojea kivulini. Alipofika akihema, wao walikuwa wamekwisha pumzika, wakainuka na kuondoka. Ikawa hivyo mchana kutwa: aliyehitaji pumziko kuliko wote ndiye pekee ambaye hakulipata. Kasungu waliingia usiku.

Siku ya pili, kabla ya Jenda, zilikatika spoku mbili za gurudumu la nyuma. Hazikuwa za mdogo. Zilikuwa za mwenyekiti. Ringi ikapinda, ikaanza kusugua fremu, na kati yao wanne hapakuwa na hata spana moja. Walirudi Lilongwe kwa matola, gari la mizigo linalobeba abiria, wamekaa juu ya magunia. Misitu ya Chikangawa hawakuiona, wala mteremko wa Chiweta, unaoshuka kwa kona kali hadi pwani ya ziwa. Huko, kwa baiskeli za gia moja na raba za breki zilizolika, huenda wangeumia.

Mwenyekiti hakukosea hesabu ya barabara. Alikosea alipodhani nguvu za msafara ni nguvu zake. Wanaokwenda pamoja hupanga kwa kuanzia kwa aliyebanwa zaidi. Kibali kipatikane kwanza, tarehe ifuate. Majuma kadhaa kabla ya safari, wote waende Kasungu na mizigo yao, kila mtu kwa baiskeli atakayosafiria, na kilomita za siku zipimwe kwa atakayefika wa mwisho. Njiani yeye atangulie, na pumziko lianze kuhesabiwa akishakaa chini. Vifaa vigawanywe mifuko miwili, na watu wawili wafundishwe kufunga spoku na kubandika kiraka. Chiweta waingie asubuhi, baada ya kulala vizuri, na mwenye breki za mashaka ashuke aikokote baiskeli.

Kibali kikichelewa, safari isogezwe mbele. Kikikataliwa, waamue wote sita, wamekaa pamoja, kama wanne waende au safari ibadilishwe. Uamuzi huo usiachiwe askari wa kizuizini.