Binti Yairo na Mama Zetu wa Goma

Tunaposoma habari za binti Yairo katika Injili ya Marko, sura ya 5, twastaajabia ufufuko wake, tukaisahau amri ndogo ya mwisho. Bwana wetu, akiisha kumwinua yule msichana wa miaka 12, aliagiza apewe chakula. Na kabla ya hayo aliwatoa nje wenye makelele, akawaingiza baba na mama. Uhai, njaa na huzuni ya wazazi, vyote aliviangalia katika chumba kimoja.

Sisi je? Mwaka jana mama mmoja wa mtaa wetu alikuja kwangu kuandikisha mtoto wake kwa ubatizo. Mtoto alikuwa amepimwa uzito na kupata chanjo. Kadi yake haikuwa na kasoro. Nikaandika jina, nikamruhusu aende. Mama mwenyewe amekonda, midomo imepauka, wala tangu kujifungua hakuna mtu aliyemwuliza hali yake. Nami, mwenye kufundisha huruma, sikumwuliza. Siku chache baadaye jirani alimfikisha kwa mganga akiwa hawezi kusimama kwa kupungukiwa na damu. Alipona, Mungu asifiwe, lakini si kwa macho yangu.

Hapa Goma mfano mwema tunao. Hospitali ya HEAL Africa ilianzishwa mwaka 2000 na mganga Jo Lusi na mkewe Lyn, ikaharibiwa na volkano ya Nyiragongo Januari 2002, ikajengwa tena. Hao si wa Kanisa letu. Tusione haya kujifunza kwao. Mama aliyejeruhika kwa uchungu wa kuzaa uliokawia, hata mkojo ukawa unamtoka bila kuzuilika, hawakumpasua tu na kumrudisha njiani. Waliwekwa watu wa kusikiliza majonzi yake, na wa kumfundisha kazi ya mikono, maana pengine mumewe alikwisha kumfukuza. Mama Lyn alifariki mwaka 2012.

Bikira Maria naye alikaa kwa Elisabeti miezi kama mitatu. Hakuishia kutoa salamu mlangoni.

Basi, kwa ruhusa ya Padri, nimepiga mstari mpya katika daftari langu la mafundisho: kando ya jina la mtoto, hali ya mama. Anakula nini? Ana homa, au damu ingali yamtoka? Usiku nani humsaidia? Jumapili iliyopita niliandika mama wanne, na wawili nimewapeleka mwenyewe kwa mkunga.