Elimu Hii ni Mali ya Nani?

Siku mwanafunzi anapomaliza masomo hurudisha vitabu vya shule, hufunga sanduku lake, hupeana mikono na walimu, kisha hutoka langoni. Je, pale langoni mambo kati yake na shule yamekwisha? Swali hili laonekana dogo, lakini mtu akilichunguza ataona kuwa ndani yake mna swali jingine lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: elimu niliyoipata ni mali ya nani? Naomba, msomaji, tulipime pamoja, maana wewe ungali ndani ya lango, na una nafasi ya kulifikiri kabla ya haraka ya kuondoka.

Wako wanaojibu upesi kwamba mambo yamekwisha. Husema: karo ililipwa, masomo yakatolewa, mtihani ukafanywa, cheti kikapatikana, muuzaji na mnunuzi wametimiziana haki, wala hakuna amdaiye mwenziwe. Jibu hili si la kipumbavu. Mzazi aliyeuza ng'ombe wa maziwa ili mwanawe akae darasani hana haja ya kuambiwa kuwa bado anadaiwa. Nami katika chuo cha ualimu nimewasikia vijana wenye akili timamu wakilitetea kwa nguvu. Lakini lina kasoro moja: hudhani kwamba karo ndiyo bei ya shule. Ukitaka kujua kama ndivyo, tazama shule za Nyeri na za miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya, uulize ni nani aliyezijenga na alizijenga kwa nini.

Mwaka 1929 ulizuka ugomvi mkali kati ya wamisheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana. Mila yenyewe leo imekatazwa na sheria ya nchi, wala simo katika kuitetea. Nataka tutazame jambo lililofuata. Wazazi wengi waliwatoa watoto wao katika shule za misheni, na wengine watoto wao walifukuzwa, hata pakawa na watoto wengi wasio na darasa. Ingalikuwa rahisi kuwarudisha malishoni na kusema kwamba mambo ya kalamu yameshindikana. Wazazi hawakusema hivyo. Walikata miti, wakakanda udongo, wakaezeka nyasi, wakachanga fedha za kumlipa mwalimu. Mwaka 1934 wakaunda chama cha shule za kujitegemea kilichojulikana kwa herufi KISA. Na kando yake zilikuwako shule za Karing'a zilizofuata njia yake yenyewe. Shule zilipozidi, walimu wakapungua. Ndipo mwaka 1939 Peter Mbiyu Koinange alipofungua chuo cha ualimu huko Githunguri katika Kiambu.

Hapa naomba usimame kidogo. Michango ya Githunguri ilikuja kwa marika. Watu waliotahiriwa wakati mmoja walikusanya fedha zao kama rika, na rika moja likashindana na jingine, kila moja likiona aibu kupitwa. Wanawake nao walichanga, wakashughulikia bweni la wasichana. Wengi wa watu hao hawakujua kusoma hata majina yao wenyewe, wala hawakutazamia kuketi katika vyumba walivyovijenga. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari mwezi wa Oktoba 1952, shule za kujitegemea zilifungwa, na chuo cha Githunguri kikafungwa pamoja nazo. Jasho la miaka zaidi ya 20 likazuiwa kwa amri. Hata hivyo, baada ya uhuru wa mwaka 1963, watu walewale na watoto wao waliinuka tena, wakachanga kwa jina la harambee, na shule za sekondari zikaota katika miinuko hii kama uyoga baada ya mvua za masika. Huenda darasa unalosomea sasa ni mojawapo.

Basi ikiwa kuna deni, mdai wako si mwalimu mkuu wala karani wa karo. Ni yule aliyebeba jiwe asiloweza kusoma maandishi yaliyochorwa juu yake. Wengi wao wamekwisha kufa, na deni la marehemu lina uzito wa peke yake, kwa kuwa halina mtu wa kupokea malipo wala wa kusamehe. Lililobaki ni kuwalipa waliokuja baada yao. Mwai Kibaki, mtoto wa Othaya, alisoma Karima, kisha Mathari, kisha Mang'u. Alipokuwa rais aliondoa ada katika shule za msingi za umma mwaka 2003, na watoto waliokuwa nyumbani wakafurika madarasani hata wengine wakakaa sakafuni. Mtu aweza kubishana juu ya maandalizi yake, nami ningebishana, lakini hawezi kusema kwamba jambo lile halikuwafikia watoto wa watu walewale waliobeba mawe.

Si sisi peke yetu tulioona kwamba shule ni jamaa iliyopanuliwa. Vitabu vya kale vya Wayahudi vyasimulia kwamba hapo mwanzo kila baba alimfundisha mwanawe mwenyewe; aliye na baba alijifunza, asiye na baba alibaki mjinga. Ndipo kuhani mkuu Yoshua bin Gamla, katika karne ya kwanza, alipoagiza walimu wawekwe katika kila mji, na watoto wapelekwe kwao wakiwa na umri wa miaka 6 au 7. Naipenda habari hii kwa kuwa yaonyesha mwalimu alitokea wapi: alisimama mahali pa baba asiyekuwapo. Na jirani zetu wa Uganda, katika kilima cha Nabugoye karibu na Mbale, wana jamii ya Wayahudi Waafrika, Abayudaya, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mnamo mwaka 1919. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, na idadi yao ikapungua sana. Leo wana shule ya msingi na ya sekondari, na ile ya sekondari ina jina la Kakungulu. Watoto wa Kikristo na wa Kiislamu husoma humo pamoja na wao. Jamii ndogo namna hiyo haiwezi kusema juu ya kijana aliyeondoka kwamba shauri lake. Kila aondokaye ni pengo linaloonekana. Sisi tulio wengi twadanganywa na wingi wetu: mia wakitoka langoni mwezi wa Novemba, twaona mia wengine wakiingia Januari, twadhani hakuna aliyepotea.

Sasa nitasema juu ya wazazi, na hapa sitaficha ukali wangu. Katika shule nyingi mzazi huitwa kwa mambo mawili, kosa la mtoto au salio la karo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeweka chama cha wazazi katika kila shule, lakini sheria haiwezi kumpa mtu kiti moyoni. Nimehudhuria siku ya wazazi katika shule moja ambayo sitaitaja. Akina mama walikuwa wametoka kwenye mashamba ya chai alfajiri, wamevaa sweta zao nzuri na leso kichwani, na mikono yao imebadilika rangi kwa utomvu wa majani. Hotuba zote zilisemwa kwa Kiingereza. Walipiga makofi waliposikia wengine wanapiga. Kisha wakaambiwa kiasi cha fedha zinazohitajiwa kwa ajili ya basi la shule, na jambo hilo pekee likatafsiriwa.

Lakini lililoniumiza zaidi lilikuwa la mwanafunzi. Kijana mmoja, hodari darasani, alimpokea mama yake nyuma ya jiko la shule, mahali wenzake wasipoweza kuwaona, akala chapati alizoletewa kwa haraka, akamsindikiza kwa njia ya kando. Hakumtukana, alimwamkia vizuri. Alimficha tu. Msomaji, nakuuliza wewe uliye na umri wake: kijana huyu alijifunza nini shuleni? Hakuna mwalimu aliyemfundisha kumficha mama yake, na hata hivyo somo hilo alilipata, na alilipata kwetu. Siku mama yako atakapokuja, mpitishe katikati ya uwanja. Mwonyeshe dawati lako. Mtaje kwa mwalimu kwa jina lake. Akiuliza jambo lililo rahisi, mjibu kwa lugha yake bila kutazama nyuma. Profesa Wangari Maathai ameeleza kwamba alianza shule huko Ihithe kwa sababu kaka yake aliuliza nyumbani mbona yeye haendi, na mama yao, ambaye mwenyewe hakusoma, akaamua aende. Safari iliyofika hadi Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004 ilianzia katika neno la mama asiye na cheti.

Wanafunzi wa zamani nao wana mashaka yao, na wako wanaowaogopa kuliko kuwapenda. Baadhi yao hurudi ili waonekane. Huja na magari, hutoa tangi la maji, kisha huwaandikia watoto wa ndugu zao nafasi ambazo wengine wamezistahili. Wengine hutaka shule ibaki kama walivyoiacha, hata fimbo irudishwe, ingawa imekatazwa katika shule za Kenya tangu mwaka 2001. Uhusiano wa namna hii ni mzigo, na shule ina haki ya kuukataa kwa adabu. Tena wapo walioumizwa shuleni, wakadharauliwa au kupigwa kupita kiasi. Sioni kwa nini hao walazimishwe kuimba sifa. Mtu akisema, "Pale sirudi," afadhali aulizwe sababu kuliko kuhubiriwa shukrani.

Kosa letu kubwa, hata hivyo, ni jinsi tunavyowachagua wa kuwakumbuka. Ukutani tunaandika majina ya mawaziri na maprofesa. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, alisoma Tumutumu, wala hakuyamaliza masomo yake. Akawa mwalimu, akaingia msituni, akanyongwa na serikali ya kikoloni tarehe 18 Februari 1957. Kama mtu angaliandika orodha ya wahitimu wa kujivunia katika mwaka ule, jina lake lisingalikuwamo. Leo limo juu ya lango la chuo kikuu hapa Nyeri. Simtaji ili nikuambie kwamba kila aachaye shule atakuwa shujaa. Walio wengi hawawi, na hawahitaji kuwa. Namtaja kwa sababu neno "mwanafunzi wa zamani" limefanywa dogo mno. Yule aliyeondoka kidato cha pili kwa kukosa karo, na sasa anaendesha bodaboda pale sokoni Karatina, aliketi katika madawati yaleyale. Aliimba wimbo wa shule. Baba yake alitoa mchango wa harambee kabla hajaishiwa. Akipita nje ya ua, shule ikimwona kama mgeni, imemdhulumu mara ya pili.

Huenda utasema kwamba haya ni kazi ya wakubwa, nawe huna fedha wala cheo. Kazi ninayoifikiria haina gharama. Kila shule ina daftari la kuandikisha wanafunzi, nalo huwa katika kabati la karani, limefungwa kwa kamba, kurasa zake zimekuwa njano. Mwombe karani ruhusa, ulifungue kwenye mwaka ambao baba au shangazi yako alikuwa na umri kama wako. Utaona majina, vijiji, majina ya wazazi, na safu ya mwisho ambamo pameandikwa sababu ya kuondoka. Katika baadhi ya mistari utakuta neno moja tu: "ameacha." Yanakili majina hayo. Siku ya likizo yasome nyumbani kwa sauti, mbele ya wazee wa kijiji chenu, polepole, na umpe kila mmoja nafasi ya kusema, "Huyo namjua, anakaa kule ng'ambo ya mto."