Mamlaka, Imani na Mzani wa Mwani

Imani kazini ni kumwachia mwenzako nafasi ya kukudhuru, ukitaraji hataitumia. Mwanafalsafa Annette Baier aliichambua imani kwa njia hiyo mwaka 1986. Mamlaka huigawa imani hiyo kwa mafungu yasiyolingana: aliye juu anaweza kukagua, aliye chini hana budi kuamini.

Chukua mfano wa Kiuyu, katika wilaya ya Micheweni, kaskazini mashariki mwa Pemba: sehemu kubwa ya ardhi ni ya mawe, na riziki nyingi hutafutwa baharini. Kilimo cha mwani, kilichoenea Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kimeshikwa zaidi na wanawake. Kwa utaratibu uliozoeleka, kampuni hutoa kamba na tai-tai (nyuzi za kufungia mbegu), na mkulima huiuzia kampuni hiyo hiyo mwani mkavu. Kwenye karatasi hakuna bosi. Bei, hata hivyo, mara nyingi hupangwa na mnunuzi. Mkulima hushuka pwani maji ya bamvua yakitoka, hufunga mbegu, hungoja kama wiki sita, huvuna na kuanika. Siku ya kupima, wakala wa kampuni hutia mkono guniani, huuminya mwani kujua kama umekauka, huukung'uta mchanga. Shaka yake husemwa hadharani na hupunguza kilo. Shaka ya mkulima juu ya mzani haina pa kupelekwa: akizikataa kilo alizoandikiwa, ajitwike gunia arudi nalo. Husemwa kwamba anamwamini wakala. Ukweli ni kwamba mara nyingi hana mnunuzi mwingine.

Kwenye chombo cha uvuvi amri ni kali zaidi. Neno la nahodha halijadiliwi, na pepo zikichafuka wala hakuna wasaa wa kujadili. Lakini naye yumo chomboni. Samaki wakinadiwa, mabaharia wapo wanasikia bei. Hutolewa gharama, ndipo yakatwe mafungu ya chombo, ya nyavu na ya watu. Asiyeridhika hutafuta nahodha mwingine. Ukali wa amri, basi, si lazima uue imani. Kinachoiua ni hesabu ya siri na kukosa pa kwenda.

Mwenye chombo aliyebaki nyumbani ndiye aliye katika hali ya ajabu. Mali ni yake, ila hakuona kilichovuliwa wala kilichouzwa njiani. Hapo mkubwa ndiye anayelazimika kuamini, na fungu la ziada analopewa nahodha, pamoja na kuwa ujira wa ujuzi, humpa sababu ya kuleta hesabu kamili.