Je, kuhesabu mifuko ya saruji ni kumshuku ndugu?

Huku kwetu Kanyaruchinya, chini ya mlima Nyiragongo, kujenga ni kazi isiyokwisha. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima ulishuka ukateketeza sehemu ya katikati ya mji wa Goma, hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukala maelfu ya nyumba. Na siku zilizofuata nchi ilitetemeka mara nyingi, kuta zikapasuka. Tangu 2022 vita iliwaleta hapa wakimbizi wengi kutoka Rutshuru. Basi kila mara watu husema: Tujenge tena.

Hapo ndipo linapozuka swali. Shirika limechanga fedha za darasa au kikanisa. Fundi ni mkristu mwenzetu, kapita ni jirani. Je, yafaa kuandika kila mfuko unaotoka ghalani na kupima kila siku kazi iliyofanyika? Wengine hukasirika wakisema: Penye upendo hapana daftari. Neno hilo ni tamu masikioni, lakini tulichunguze.

Tuchukue mfano. Tumekusudia msingi wa mita 40, na fundi mwenyewe amekadiria mifuko 80 ya saruji, yaani mifuko 2 kwa kila mita. Baada ya wiki mbili daftari laonyesha kwamba mifuko 40 imetoka. Tukipima kwa kamba twakuta mita 12 tu. Mita 12 zilipaswa kula mifuko 24. Je, mifuko 16 imekwenda wapi?

Mwenye haraka atajibu: Kapita ameiba. Mwenye busara atauliza kwanza. Huenda mwamba wa lava una mashimo, msingi ukameza kuliko tulivyodhani. Huenda mvua imeingia ghalani, saruji ikaganda. Huenda wachanganyaji wametia saruji kupita kipimo. Tena huenda ni wizi kweli. Sababu ni nne, na kila moja ina dawa yake. Jambo kubwa ni hili: tumeuliza tukiwa kwenye mita ya 12, wakati ingaliko nafasi ya kutengeneza. Anayengoja mpaka fedha ziishe hapati dawa, hupata majuto tu.

Sasa tuone pasipo daftari huwa nini. Fedha zinakwisha, ukuta umefika kiunoni, na maneno yanaanza kisimani na njiani. Kapita mwaminifu hana cha kuonyesha ila kiapo chake. Watoto wake wataitwa watoto wa mwizi. Je, huo ndio upendo? Daftari hulinda amri ya saba, maana humzuia mwizi. Lakini hulinda vilevile amri ya nane, maana humwokoa asiye na kosa na masingizio. Yule aliyekataa kuhesabu kwa ajili ya upendo ndiye amemwacha ndugu yake uchi mbele ya watu.

Lakini mtu atasema: Mbona katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, mafundi wa Hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu? Ni kweli. Ila tusome na yaliyotangulia. Mpaka mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi fedha zilipokelewa, na nyumba ya Mungu ilikuwa bado mbovu. Ndipo likawekwa sanduku lenye tundu, na fedha zikahesabiwa na wawili pamoja: mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Kwanza utaratibu, kisha imani. Naye Bwana wetu, katika Injili ya Luka, sura ya 14, alitaja mjenzi wa mnara anayeketi kwanza kuhesabu gharama, asije akachekwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1284, yawaagiza wasimamizi wa mali kuweka vitabu vya mapato na matumizi kwa utaratibu mzuri.

Hata hivyo tujihadhari. Kupunguza gharama si sawa na kuzitawala. Aliyepunguza saruji ndani ya ukuta ili daftari lipendeze ameiba usalama wa watoto; nchi ikitetemeka, ukuta utasema kweli. Aliyekata ujira wa mama apondaye kokoto kwa nyundo ameweka akiba kwa jasho la maskini. Kanuni ya 1286 yadai ujira wa haki. Daftari linalombana mdogo na kumwacha mkubwa si la haki.

Basi, ndugu msomaji, hapana budi wawili washike ufunguo wa ghala, si mmoja. Kila jumamosi fundi mwenyewe awepo kazi inapopimwa, aeleze upungufu kabla ya mtu kumhukumu. Kisha hesabu isomwe mbele ya shirika zima, hata mama aliyetoa franga chache aisikie. Mchango wake ulitoka katika chakula cha nyumba yake, naye ana haki ya kujua umekuwa jiwe gani ukutani.