Nyumba ya Mungu Hupimwa kwa Mlango Wake

Boma la kanisa letu limesimama hadi kwenye lenta kwa miaka kadhaa sasa. Kila masika nyasi huota ndani yake, na mbuzi wa majirani huingia bila kubisha hodi. Jumapili moja baada ya ibada tulikaa Baraza la Wazee kujadili kenchi na mabati. Mzee mmoja akasema, "Jamani, wenzetu wa Peramiho walijenga kanisa lile enzi ambazo hata barabara ya lami haikuwepo. Sisi tunashindwa nini?" Tukaona aibu. Na kwa sababu ya aibu ile tukafanya jambo ambalo leo tunaliandika kwa toba: tuliamua kila kaya ipangiwe kiwango, na majina ya wasiomaliza yasomwe wakati wa matangazo.

Majina yalisomwa Jumapili tatu. Jumapili ya nne mama mmoja mjane, ambaye jina lake lilisomwa mara zote tatu, hakuonekana. Tulipomtembelea alitukaribisha vizuri, akatutolea viti, kisha akasema kwa upole, "Baba Mchungaji, nitarudi nikimaliza deni." Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile swali hili halijatutoka: je, ni halali kumjengea Mungu nyumba kubwa wakati watu wake wanahesabu debe la mwisho la mahindi? Na kama ni halali, kwa masharti gani?

Mzee wetu alitaja Peramiho, nasi tuanzie hapo. Abasia ile iko kama kilomita 24 magharibi mwa Songea. Ni ya wamonaki Wabenedikto, waliofika mwaka 1898, na misheni yao ikawa abasia mwaka 1931. Kanisa lake kubwa lilijengwa katika miaka ya 1940, na ukiliona linakukumbusha makanisa ya zamani ya Ulaya. Si ajabu, kwa kuwa chimbuko la Wabenedikto ni kusini mwa Ulaya. Mnamo mwaka 529 Benedikto alianzisha monasteri juu ya mlima wa Monte Cassino, Italia, akawaandikia ndugu zake kanuni ya maisha: wasali, wafanye kazi kwa mikono, na mgeni abishaye hodi wampokee kama Kristo mwenyewe.

Monasteri ile imebomolewa mara nne: na Walombardi, na Waarabu mwaka 883, na tetemeko la ardhi mwaka 1349, na mabomu ya vita mwezi Februari 1944. Kila mara ilijengwa tena. Mtu aweza kuuliza kama huo si ukaidi tu wa kupenda mawe. Lakini kilichowarudisha wamonaki mlimani kila mara ni ile kanuni, na kanuni huweza kuishi hata chini ya turubai.

Katika miji ya kusini mwa Ulaya walijenga pia makanisa makuu. Wakazi wa Florence walianza la kwao mwaka 1296, na kuba lake likakamilika mwaka 1436, baada ya miaka 140. Waliochimba msingi hawakuona paa, wala watoto wao hawakuliona. Jirani zao wa Siena walianza mwaka 1339 kupanua kanisa lao liwe kubwa kupita kiasi. Mwaka 1348 tauni ikaua watu wengi sana mjini, kazi ikasimama, na ukuta ule usio na paa umesimama hadi leo. Watu wa Siena hawakuacha kusali kwa sababu hiyo. Walirudi katika kanisa lao la kwanza wakaendelea. Sisi tunaoona aibu kwa boma la miaka michache tungefaa kujifunza hapo: kanisa kutokamilika si dhambi, na haraka ya kulikamilisha si lazima iwe imani.

Wala tusidhani kwamba watu wa zamani hawakuliuliza swali letu. Katika karne ya 12 mmonaki Bernard wa Clairvaux aliwakemea wamonaki wenzake waliopamba kuta kwa dhahabu huku maskini wakilala mlangoni bila nguo. Ndugu wa shirika lake walijenga kwa namna nyingine. Abasia ya Le Thoronet, kusini mwa Ufaransa, ni mawe matupu yaliyochongwa vizuri, bila picha na bila dhahabu, na pambo lake ni mwanga wa jua tu. Kwa hiyo hatulazimiki kuchagua kati ya uzuri na maskini. Kuna uzuri usiomnyang'anya mtu chochote.

Sisi Walutheri swali hili limo katika kuzaliwa kwetu. Mwaka 1517 hati za msamaha ziliuzwa Ujerumani, na sehemu ya fedha ilikwenda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Martin Luther, ambaye naye alikuwa mtawa, aliandika katika hoja ya 50 kwamba Papa angejua jinsi watu wanavyokamuliwa, angeona heri kanisa lile liwe majivu kuliko kujengwa kwa ngozi, nyama na mifupa ya kondoo wake. Tumewafundisha vijana wa kipaimara habari hizi kwa miaka mingi, tukidhani zinawahusu watu wengine. Siku ile nyumbani kwa mama yule tuliona kwamba hoja ya 50 ilikuwa imeandikwa kwetu.

Turudi Peramiho, kwa maana ziko habari ambazo mzee wetu hakuzitaja. Kabla ya Vita vya Maji Maji, mmisionari mmoja aliichoma moto nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa, mahali ambapo Wangoni waliwakumbuka wahenga wao. Mwaka 1905 vita vilipofika Ungoni, misheni ya Peramiho nayo ikachomwa. Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wake, aliuawa mwaka huohuo pamoja na watawa wanne alipokuwa safarini kutoka pwani. Mwanzoni mwa mwaka 1906 Wajerumani wakawanyonga hapa Songea makumi ya viongozi wa Wangoni, akiwemo Mputa, na Nduna Songea Mbano ambaye mji wetu una jina lake. Kila tarehe 27 Februari tunawakumbuka.

Hatuandiki haya kuhukumu Kanisa la jirani, kwani wamisionari wa kwetu nao walikuja chini ya bendera ileile. Tunaandika kwa sababu kuna somo: nyumba ambayo watu wanaiona kuwa ni ya serikali ya mabavu, hata ikiwa na msalaba juu, hawataiona kuwa ni ya Mungu. Wamonaki walirudi na kujenga upya. Polepole yakaja mambo ambayo kila familia ya Ruvuma inayajua: hospitali, shule ya ufundi, kiwanda cha uchapaji. Katika miaka ya 1950 ikaanzishwa Hanga, nyumba ya wamonaki Waafrika, ambayo baadaye nayo ikawa abasia. Ni Walutheri wangapi wa mji huu waliozaliwa au kutibiwa Peramiho? Hakuna aliyeulizwa dhehebu mlangoni. Basi mzee wetu alitazama urefu wa kuta, na sisi pamoja naye, wakati cha kutazamwa kilikuwa mlango.

Maandiko nayo yanashika pande zote mbili. Sulemani alimjengea Bwana hekalu zuri, na katika sala yake alikiri kwamba mbingu zenyewe hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba ile. Lakini kitabu hichohicho cha Wafalme hakifichi kwamba alitoza shokoa ya watu 30,000, wala kwamba baada ya kifo chake watu walimwomba mwanawe awapunguzie nira, akakataa, na ufalme ukapasuka. Yule mwanamke wa Bethania, katika Marko 14, alimwaga marhamu ya thamani kubwa, na Yesu akamtetea dhidi ya waliopiga hesabu. Je, hapo hatukupata ruhusa ya kujenga kwa gharama? Tumepata, ila tutazame vizuri. Mwanamke yule alileta chake mwenyewe, kwa upendo, bila kusomewa jina. Na neno la Bwana kuhusu maskini kuwapo siku zote linatokana na Kumbukumbu la Torati 15, ambapo hitimisho lake ni amri ya kuwafumbulia mkono.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tunaamini basi kwamba ni halali kumjengea Mungu nyumba, hata nyumba nzuri, kwa masharti mawili: kila tofali liwe limetolewa kwa hiari, na mlango usimfungie mtu nje kwa sababu ya umaskini wake. Sharti moja likikosekana, heri tusali chini ya mwembe.

Baraza la Wazee limefuta viwango. Tulisimama mbele ya usharika tukaomba radhi, na daftari lile halisomwi tena. Mwenye fedha huleta fedha, mwenye kuku huleta kuku kwenye mnada, na asiye na kitu huja kusali. Makusanyo yamepungua, hatutaficha, na mabati bado yako dukani. Mama yule amerudi, ingawa angali anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Tunaomba Mungu atupe subira ya watu wa Florence, na siku moja tumwone amesogea mbele. Siku hiyo, hata mvua ikitunyeshea, tutajua kwamba ujenzi umeanza.