Ukimya wa Waziri Mkuu

Tarehe 3 Mei 1994, Jean Kambanda, Waziri Mkuu wa serikali ya muda ya Rwanda, aliombwa awalinde watoto walionusurika mauaji hospitalini. Hakujibu kitu. Mkutano ukaisha, na siku hiyohiyo watoto wale wakauawa.

Miaka minne baadaye alikiri hayo, pamoja na kugawa silaha na uchochezi, mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha. Akafungwa maisha: mkuu wa serikali wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. (Baadaye aligeuka akakata rufaa, ikatupwa.)

Katika makosa yake yote, mimi hunisumbua zaidi hili la kutojibu. Je, mtu aweza kuua kwa kunyamaza? Jirani aliyejifungia ndani kwa woga huku wenzake wakichinjwa twaweza kumlaumu, lakini hatumwiti muuaji. Angepaza sauti, nani angemsikiliza? Mwenye amri ni mwingine. Ukimya wake unasikilizwa na meya, na askari kwenye kizuizi cha barabarani, na kijana aliyepewa panga jana. Na wote wanauelewa kwamba ni ruhusa. Ndiyo maana "mimi sikumgusa mtu" ni utetezi wa mwananchi wa kawaida. Kiongozi hana haki ya kuutumia, maana cheo alikipokea ili neno lake litende kazi mahali ambapo mkono wake haufiki.

Basi kipimo hicho tuigeuzie mahakama yenyewe. Azimio 955 la Umoja wa Mataifa liliipa mamlaka juu ya uhalifu wa mwaka 1994 bila kuchagua upande. Ilishtaki watu 93. Hakuna hata mmoja wa RPF, jeshi lililoshinda vita, ingawa taarifa za raia waliouawa na askari wake zilikuwepo. Mauaji hayo si sawa na yale ya kimbari, na anayeyalinganisha anapotosha. Hata hivyo waliokufa walikuwa na haki ya kusikilizwa.

Wapo wanaosema kwa hiyo Arusha ilikuwa haki ya washindi tu. Sikubaliani nao. Hatia ya Kambanda haipungui kwa kuwa wengine waliachwa. Wanaodai haki bado ni ndugu wa raia wale waliouawa na askari wa RPF. Mahakama ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015, nao hawajajibiwa.