Anayeuliza na Anayeulizwa

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakutuambia kama kukataa kujibu ni kosa. Siku hizi swali hilo linatukabili, kwa maana wako watu ambao kazi yao ni kuuliza: utampigia kura nani, jana umekula mara ngapi, unaridhika na viongozi au la. Wengi wetu twawaona kuwa wambeya wenye mishahara. Wengine hukata simu hata salamu haijaisha.

Jambo hili si la kwetu tu. Huko Marekani, shirika la Pew lilipopiga simu mwaka 1997, watu 36 katika kila 100 walihojiwa. Mwaka 2018 walibaki 6. Ndipo watafiti wengi wakahamia kwenye intaneti. Huko gharama ni ndogo, na kwa kuwa hakuna sauti ya kuionea haya, mtu husema ukweli zaidi juu ya deni lake au ulevi wake.

Lakini pana mtego. Chuoni niliwaasa walimu vijana wasiulize darasa, "Nani ameelewa?" kisha wakahesabu mikono. Mikono inayonyooka ni ya wale wale. Chukua daftari la mahudhurio, taja majina bila kuchagua nyuso. Utafiti ulio wazi kwa kila apendaye ni kuhesabu mikono. Utafiti wa watu waliopatikana kwa bahati nasibu ni daftari la mahudhurio. Wala wingi si dawa. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest lilipata majibu zaidi ya milioni mbili, likabashiri kuwa Landon angeshinda urais. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Karatasi zilikuwa zimepelekwa zaidi kwa wenye simu na magari, na waliozirudisha ni wale tu waliokuwa na hamu ya kujibu.

Kwa hiyo anyamazaye humwachia mwenye kelele nafasi yake. Hapo ndipo nionapo deni. Siwiwi na mdadisi, bali na jirani mwenye hali kama yangu, ambaye hakuulizwa.

Hata hivyo, deni hili lina pande mbili. Wadadisi wa Afrobarometer, ambao huhoji ana kwa ana, humwuliza mtu mwishoni anadhani wametumwa na nani; wengi hutaja serikali. Adhaniye hivyo hupima maneno yake. Mwaka 2018, Twaweza ilipotangaza, kutokana na mahojiano ya simu, kuwa wanaoridhika na utendaji wa Rais wameshuka kutoka 71 hadi 55 katika kila 100, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliitaka ijieleze kuhusu kibali. Mwananchi aliyesikia habari hiyo alijifunza nini juu ya kujibu?

Basi, ndugu msomaji, aulizaye anawiwa mambo matatu: aseme ametumwa na nani, alifiche jina la aliyemjibu, na ayarudishe matokeo kwa waliomjibu. La tatu ndilo husahauliwa. Mwalimu asiyerudisha madaftari aliyosahihisha asishangae wanafunzi wakiacha kuandika.

Akiyatimiza hayo, sina udhuru wa kunyamaza wala kudanganya. Kusema "sijui" nisipojua ni jibu halali. Kusema kile nidhanicho anataka kukisikia ni kumtolea jirani yangu ushahidi wa uongo.